Mwana Arudiye Kijijini Aulizwe Alikotoka

Katika maswali yote ambayo tabibu humwuliza mgonjwa wa tumbo, sidhani kuwa liko lenye gharama ndogo na faida kubwa kuliko hili: ulikuwa wapi kabla ya kuugua, na huko ulikokuwa ulifanya nini? Halihitaji umeme wala chombo, halina bei katika duka la dawa, na jibu lake hupatikana kwa muda usiozidi ule wa kuandika jina la mgonjwa katika daftari. Lakini katika zahanati zetu za milimani, za Kinyala na za kata nyingine za wilaya ya Rungwe, aghalabu ndilo swali linaloachwa. Mgonjwa huulizwa tumbo limeanza lini kuuma, kama anaharisha, kama ana homa, kisha huandikiwa dawa akaenda zake, na habari ya miezi aliyokaa ugenini hubaki kinywani mwake bila ya kuombwa.

Sababu ya kuachwa kwa swali hili si uvivu wa matabibu, ambao wengi wao hufanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Sababu ni kwamba mtu aliyerudi kwao hahesabiwi kuwa msafiri. Mwingereza ashukaye katika ndege London baada ya likizo ya majuma mawili katika Afrika ya Mashariki, akaumwa tumbo, huonekana na kila tabibu kuwa ni mtu atokaye mbali, na uchunguzi wake huanzia huko mbali. Lakini kijana wa Kinyala aliyekaa mwaka mzima Ukerewe akivua samaki, siku arudipo kwa mama yake, akaketi penye migomba ya baba yake na kusema Kinyakyusa na jirani zake, huonekana kuwa mwenyeji miongoni mwa wenyeji, na maradhi yake hupimwa kwa kipimo cha maradhi ya nyumbani. Hapo ndipo taksiri inapoanza, kwa kuwa minyoo haiulizi mtu ni wa ukoo gani. Humwingia kwa maji aliyooga, kwa udongo alioukanyaga na kwa chakula alichokula, popote pale alipokuwa.

Wala safari si jambo geni kwetu. Wazee wa Rungwe walikwenda Lupa, katika nchi ya Chunya, dhahabu ilipovuma huko katika miaka ya 1920 na 1930. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Na wengine waliandikishwa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, hata Uhuru ulipokuja na mlango huo ukafungwa. Leo wajukuu wao huteremka Kyela kwa ajili ya mpunga na kakao, huenda Mbarali katika mashamba ya umwagiliaji, Mwanza na Geita kwa samaki na dhahabu, Tunduma kwa biashara, Dar es Salaam kwa kuuza viazi na ndizi, na vyuo vya mikoa yote kwa kutafuta elimu. Na wako waliofika Oman na Ulaya, ambao hurudi wakati wa likizo pamoja na watoto waliozaliwa huko, na watoto hao, warejeapo Ulaya, huwa nao ni wasafiri waliotoka Rungwe. Hapana ukoo ambao hauna mtu njiani. Kwa hiyo jambo ninalolinena si la wachache wenye pasi na mizigo ya ndege; ni la watu wengi wenye tiketi za basi.

Yafaa tulikumbuke umbo la nchi yetu, maana ndilo linalolipa swali hili uzito kuliko mahali pengi. Mji wa Tukuyu uko mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, na mlima Rungwe wenyewe hukaribia mita 3,000. Lakini Ziwa Nyasa, ambalo mtu hulifikia kwa gari kwa muda wa saa chache, liko chini sana, kiasi cha mita 500 tu. Katika mteremko huo mmoja hewa hubadilika, mazao hubadilika, na pamoja navyo hubadilika vimelea vinavyomngoja mwanadamu. Minyoo michanga ya safura, ambayo hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, husitawi katika udongo wenye joto na unyevu. Konokono wanaolea vimelea vya kichocho hupenda maji yaliyotulia au yaendayo polepole, yenye majani, kama yale ya kingo za maziwa na ya mifereji ya mpunga, wala si vijito vya baridi viporomokavyo kwa kasi kutoka mlimani. Mayai ya mchango, ile minyoo mikubwa ya mviringo, yana ganda gumu na huweza kukaa udongoni kwa miaka, maadamu pana unyevu. Na unyevu ni kitu ambacho Rungwe, mojawapo ya wilaya zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania, haijapata kukikosa.

Basi tabibu wa milimani anaujua sana mchango, kwa kuwa ni jirani yake wa kila siku, lakini kichocho hukiona kwa nadra. Na ni tabia ya akili ya kila mtu, awe mwenye elimu au asiye nayo, kulitazamia lile aliloliona jana. Mgonjwa aliyetoka Ukerewe hubeba maradhi ya mita 1,100, ambako Ziwa Viktoria liko, na kuyaleta mbele ya macho yaliyozoea maradhi ya mita 1,500. Hakuna kitu kitakachomzindua tabibu huyo isipokuwa swali. Kama hakuuliza, hadubini yake, hata ikiwa njema namna gani, itatumwa kutafuta kitu kisichokuwapo, au haitatumwa kabisa.

Elimu yenyewe ya kuitambua minyoo ya tumbo ilipata nguvu kwa watu waliorudi makwao wakiwa wagonjwa. Zamani sana Ibn Sina, katika kitabu chake cha Kanuni ya tiba alichokikamilisha yapata mwaka 1025, aliigawa minyoo ya tumbo katika aina nne kwa kuyafuata maumbo yake. Lakini jicho tupu humwona mnyoo aliyekwisha kutoka, halimwoni aliyebaki ndani. Ilikuwa mwaka 1878, katika mji wa Pavia nchini Italia, ambapo kijana mmoja mwanachuoni, Giovanni Battista Grassi, pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Parona, walionyesha kwamba safura yaweza kujulikana kwa mayai yake yakitazamwa kwa hadubini katika kinyesi cha mgonjwa aliye hai. Maarifa hayo hayakukaa miaka miwili kabla ya kuhitajiwa. Handaki la reli la Gotthard, lililochimbwa chini ya milima ya Uswisi tangu 1872 hata 1882, lilikuwa na joto kali na matope, na wachimbaji wake, wengi wao Waitaliano, walijisaidia humo humo walimofanyia kazi. Waliporudi vijijini kwao walikuwa wamepungukiwa damu, hawana pumzi wala nguvu, na watu wakadhani kuwa ni hewa mbaya ya handaki, au chakula duni, au kazi iliyowazidi. Mwaka 1880 Edoardo Perroncito wa Turin, na wenzake waliokuwa wakichunguza jambo hilo hilo, walitazama vinyesi vya wachimbaji hao wakakuta mayai ya safura kwa wingi, na fumbo likafumbuliwa.

Nimeyaeleza hayo kwa tafsili kwa sababu hali ya vijiji vile vya Italia haiko mbali na hali ya vijiji vyetu. Mkulima aliyepungukiwa damu, akiwa nyumbani kwake, alionekana kuwa maskini kama maskini wengine, na tabibu wa kijiji hakuwa na sababu ya kumdhania maradhi ya nchi za joto katika nchi yenye theluji. Kilichofungua mlango ni kule kuunganisha mambo mawili, damu iliyopungua na handaki alilotoka. Na mambo hayo mawili hayawezi kuunganishwa na mtu ambaye hakuuliza. Mwaka 1963 Profesa Brian Maegraith, wa chuo cha tiba ya nchi za joto cha Liverpool, aliandika katika jarida la Lancet makala ambayo jina lake, kwa lugha ya Kilatini, lilikuwa ndilo swali lenyewe la kumwuliza mgonjwa anakotoka. Safari za ndege zilikuwa zinaongezeka, na mtu aliweza kuambukizwa katika bara moja na kuugua katika jingine. Yaliyowafaa Waingereza kwa habari ya ndege zao yatufaa sisi kwa habari ya mabasi yetu, kwa maana basi litokalo Mwanza hufika Mbeya mapema mno kuliko vimelea vya kichocho vinavyokomaa katika mwili wa abiria wake.

Sasa na tutazame swali hili humpa tabibu nini mkononi. Humpa kwanza jina la mtuhumiwa. Aliyefanya kazi kando ya Ziwa Viktoria, akiingia majini kuvuta nyavu au kuteka maji, adhaniwe kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake yenye mwiba ubavuni hutoka kwa haja kubwa. Aliyelima bondeni kwa miguu mitupu adhaniwe safura, hasa akionekana amepungukiwa damu. Aliyekula nyama ya nguruwe isiyoiva, katika pande zetu hizi za Nyanda za Juu Kusini ambako nguruwe hufugwa kwa wingi na pengine huachwa watembee ovyo, adhaniwe tegu, na aulizwe kama amepata kuona vipande vyeupe vilivyo bapa katika choo chake. Na aliyeishi katika nyumba moja na mwenye tegu, akaanza kuanguka kifafa ukubwani, adhaniwe kuwa ameyameza mayai ya tegu na kwamba vifuko vyake vimekwenda kutua ubongoni, jambo ambalo choo hakitalionyesha na ambalo huhitaji hospitali kubwa. Aliyekunywa maji ya kisima kisichofunikwa, akaharisha choo chenye povu na harufu mbaya kwa majuma kadhaa huku akikonda, adhaniwe giardia, ambayo si mnyoo bali ni kijidudu kidogo kabisa, na ambayo haijali sana kama uko mlimani au bondeni.

Humpa, pili, hukumu ya kitu gani kipimwe. Watu wengi hudhani kuwa uchunguzi wa minyoo ni kipimo cha choo tu, na dhana hiyo yaweza kumpoteza mgonjwa. Mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wakijitolea nchini Malawi katika Peace Corps walipatwa na maradhi ya mishipa ya fahamu yaliyotokana na kichocho, nao walikuwa wameogelea Cape Maclear, katika Ziwa Nyasa lile lile ambalo sisi tunalitazama kutoka Matema. Wachunguzi wakawapima damu wageni 955 waliokuwa Malawi, na katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 1996 karibu thuluthi yao walikutwa na dalili za kuambukizwa, wengi wao bila ya kujua. Na kichocho chao, karibu chote, kilikuwa cha ile aina ambayo mayai yake hutoka kwa mkojo. Aliyeoga katika ziwa hilo, akaletewa kikopo cha choo peke yake, aweza kuambiwa kuwa ni mzima ilhali si mzima. Sharti mkojo wake nao upimwe, na uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati ambapo mayai hutoka kwa wingi zaidi.

Humpa, tatu, hesabu ya wakati, na hili ndilo lisilojulikana na wengi. Mnyoo aliyeingia leo hatagi kesho. Mchango huchukua miezi miwili hata mitatu tangu yai kumezwa hata mayai mapya kuonekana. Safura huchukua kiasi cha majuma matano hata tisa. Kichocho aghalabu majuma sita hata nane, na pengine zaidi. Tegu miezi miwili hata mitatu. Kijana aliyekwenda Mwanza kwa mwezi mmoja, akarudi akapimwa choo juma lile lile, akaambiwa hakuna kitu, ameambiwa kweli ya siku hiyo, lakini si kweli ya mwili wake. Aweza kuwa na homa, kikohozi, vipele viwashavyo na chembe nyeupe za damu za aina fulani zilizozidi kiasi, zote hizo zikiwa ishara za kichocho kichanga, na choo chake kikawa hakina yai hata moja. Hata dawa ya prazikwanteli akipewa wakati huo haitamaliza kazi, kwa sababu huua minyoo iliyokomaa na huiacha iliyo michanga. Mtu kama huyo huandikiwa tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo haiwezi kuhesabiwa isipokuwa tabibu ajue siku mgonjwa alipoingia majini na siku alipotoka.

Kisha iko kazi ya maabara yenyewe, ambayo nayo ina adabu zake. Minyoo haitoi mayai kwa kiasi kimoja kila siku, na kwa hiyo choo kimoja hakitoshi kumtakasa mtu na dhana; desturi njema ni kupima vyoo vitatu vya siku tatu mbalimbali. Njia itumikayo sana katika nchi zetu ni ile ya Kato na Katz, iliyobuniwa Japani mwaka 1954 na kurekebishwa Brazili mwaka 1972, ambayo hutandaza juu ya kioo kinyesi cha uzito wa miligramu 41.7 tu. Ni njia nzuri kwa kupima kijiji, kwa kuwa humwezesha mtaalamu kuyahesabu mayai. Lakini kwa mtu mmoja aliyekaa ugenini muda mfupi, mwenye minyoo michache, kipande kidogo namna hiyo chaweza kukosa yai ilhali mayai yapo. Tena mayai ya safura huyeyuka machoni yasionekane, ikiwa kioo kitaachwa zaidi ya nusu saa au saa moja kabla ya kutazamwa. Kwa msafiri ni bora kinyesi kichanganywe na maji ya dawa, kichujwe, kiachwe kitue au kizungushwe kwa mashine, kisha yatazamwe mashapo yake, maana humo ndimo mayai yaliyotawanyika hukusanyika.

Amiba nayo hutaka uangalifu. Choo chembamba chenye damu sharti kitazamwe kingali moto, kabla ya nusu saa kupita, ili amiba ionekane ikitembea na chembe nyekundu za damu zikiwa zimemezwa ndani yake; kwa kuwa liko jamaa lake lisilo na madhara lifananalo nayo kabisa likiwa katika hali ya kifuko, na wengi wameandikiwa dawa za amiba kwa ajili ya jamaa huyo asiye na hatia, huku sababu ya kweli ya kuharisha kwao ikiendelea na kazi yake.

Liko tena jambo moja ambalo napenda lijulikane na kila mwenye kuandika dawa. Yuko mnyoo mdogo aitwaye strongiloidesi, aingiaye kwa ngozi kama safura, lakini tofauti na minyoo mingine mingi huweza kuzaa na kumwambukiza upya mtu yule yule bila ya kutoka nje, na kwa hiyo huweza kukaa mwilini umri mzima. Askari wa Uingereza na wa Australia waliokuwa mateka wa Wajapani katika Asia wakati wa Vita Kuu ya Pili walikutwa naye zaidi ya miaka 40 baadaye, katika nchi ambazo mnyoo huyo ni adimu. Mtu aweza kuishi naye bila ya kumtambua, kisha akapewa dawa za jamii ya steroidi kwa ajili ya pumu au maradhi mengine, na minyoo ikafurika mwilini hata kumwua. Kipimo cha kawaida cha choo humkosa mara nyingi, na dozi moja ya albendazo, dawa ya minyoo igawiwayo shuleni, haimwondoi vizuri. Dawa yake ni ivamektini, ile ile ambayo vijiji vingi vya Rungwe huijua kwa ugawaji wa kinga ya usubi. Kwa mzee aliyepata kufanya kazi ya matope katika nchi yoyote, swali la alikokuwa halina mwisho wa muda: aulizwe hata habari za ujana wake.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kuwa dawa ya minyoo ni rahisi kuliko kipimo, kwamba serikali yenyewe huigawa shuleni bila ya kumpima mtoto hata mmoja, na kwamba mwaka 2001 mataifa yaliyokutana katika Shirika la Afya Duniani yaliafikiana kuwapa dawa hiyo angalau asilimia 75 ya watoto wa shule walio hatarini. Hayo ni kweli, na ugawaji huo ni jambo jema ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mahali ambapo watoto wengi wana minyoo, kuwapa wote dawa salama ni hekima kuliko kungojea hadubini. Lakini kulinda umma ni jambo moja, na kumtibu mtu mmoja anayeugua ni jambo jingine. Albendazo haikiui kichocho. Ni dhaifu, kwa dozi moja, juu ya minyoo mjeledi. Na prazikwanteli nayo, ikipewa kwa kubahatisha mtu mwenye vifuko vya tegu ubongoni, yaweza kumwangusha kifafa. Anayetibiwa bila ya kuchunguzwa akapona, amepona kwa bahati. Asipopona, hurudi kwa dawa ya pili na ya tatu, na fedha ambazo zingemlipia kipimo kimoja cha haki humalizika katika maduka ya dawa.

Ubaya mwingine wa kubahatisha ni kwamba huzaa majina ya uongo. Katika siku zetu hizi karibu kila tumbo liumalo huitwa taifodi, kwa ushahidi wa kipimo cha damu ambacho chaweza kuonyesha alama za maambukizo ya zamani, au za maradhi mengine kabisa, na mgonjwa hunywa dawa za kuua bakteria kwa maradhi ambayo hayana bakteria. Simlaumu mtu ambaye hana hadubini kwa kutotumia hadubini. Namlaumu yule aliye nayo, akaiacha ikapata vumbi kwa sababu kukisia ni kwepesi.

Swali hili lina adabu zake vile vile. Mtu haulizwi habari za choo chake mbele ya umati wa benchi, na katika nchi ya Wanyakyusa, ambako kwa mila mke wa mwana humwepuka baba mkwe wake, tabibu hawezi kumwuliza mwanamke huyo mambo ya haja zake mzee akiwa amekaa karibu, kisha akatazamia jibu la kweli. Amtenge kidogo, amwite kwa heshima yake, mama au dada au baba kwa kadiri ya umri, amweleze kwa nini anauliza, na amwonyeshe jinsi kikopo kinavyotumiwa, kisichanganywe na mkojo wala udongo. Kijana aliyetoka machimboni naye asiulizwe kama mshitakiwa. Wengi huficha walikokuwa kwa sababu hawakufanikiwa huko, na anayehofia kudharauliwa kwa umaskini aliorudi nao hatasema kuwa alilala kando ya dimbwi na kunywa maji yake.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, nami naitoa kwa Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe na kwa wote wanaosimamia tiba yetu. Daftari la wagonjwa katika kila zahanati liwe na safu moja ya kuandikwa mahali mgonjwa alipokaa katika mwaka uliopita, na kama amepata kuishi kando ya ziwa, katika mashamba ya umwagiliaji au machimboni. Zahanati isiyo na maabara iwe na utaratibu unaojulikana wa kupeleka vikopo na wagonjwa kwenye kituo cha afya au Makandana, hospitali ya wilaya iliyoko Tukuyu, bila ya mgonjwa kulazimika kubuni njia yake. Na kwa kuwa tuna katika mji huo huo wa Tukuyu kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979, si haki elimu iliyoko umbali wa safari fupi ikose kuwafikia wataalamu wa maabara wa kata zetu kwa mafunzo ya mara kwa mara. Hayo hayahitaji majengo mapya. Yahitaji nia na utaratibu.

Nawe msomaji, ikiwa u msafiri au mzazi wa msafiri, usingoje kuulizwa. Uingiapo kwa tabibu, mwambie ulikotoka, mwezi ulioondoka na mwezi uliorudi, maji uliyooga, kazi uliyofanya na viatu ulivyokuwa navyo au ulivyokosa. Na ukiambiwa kuwa choo chako hakina kitu ilhali hujapona, uliza kama ni mapema mno, urudi siku utakayoambiwa, ukichukua choo cha siku nyingine na mkojo wa mchana. Usinunue dawa ya kukisia wakati kipimo kinapatikana. Na wewe tabibu wa Kinyala, na wa kata yoyote ya mlimani, kabla hujaishika kalamu ya kuandika dawa, mwulize mwana wa kijiji chako alikokuwa.